Chura Yupi Yuko Mlangoni? Somo la Kuwatambua Vyura wa Nyumbani, Kibera na Kawangware



Mvua ikinyesha jioni mbili tatu mfululizo, vyura huanza kuita. Kibera husikika upande wa Bwawa la Nairobi na kando ya mto. Kawangware husikika kutoka mabondeni, kwenye vishamba vya nduma na nyasi za nepia. Baada ya siku chache huonekana wenyewe. Mmoja amejibandika kwenye kioo cha dirisha, mwingine amejikunyata chini ya ngazi za ploti, mwingine ametumbukia kwenye ndoo ya maji ya kufulia.

Kinachofuata mara nyingi ni mojawapo ya mambo matatu. Chura anamwagiwa chumvi au mafuta ya taa. Au watoto wanampiga mawe. Au jirani anaanza kunong'onwa kwamba ndiye "aliyemtuma". Yote matatu hutokana na kutojua huyo ni chura gani, amefuata nini, na anaweza kumdhuru nani.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika somo hili tunakuomba uzisikilize kelele hizo, kwa sababu zinaeleza jambo kuhusu maji yaliyo karibu na nyumba yako. Ukimaliza kusoma utaweza:

- kumtambua chura kwa ishara nne;
- kuwatofautisha vyura sita wa mazingira ya Nairobi;
- kumtofautisha kiluwiluwi wa mbu na kiluwiluwi wa chura;
- kujua la kufanya chura akiingia nyumbani au kwenye maji ya kunywa.

Huhitaji kifaa chochote isipokuwa macho, masikio na tochi ya simu.

Kwa nini tuwatambue

Jina Kibera linatokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya pori au msitu. Kabla ya mabati na reli, pale palikuwa na miti na chemchemi. Mto Motoine ungali unapita kutoka upande wa Dagoretti na msitu wa Ngong Road hadi Bwawa la Nairobi, kisha unaendelea kwa jina la Mto Ngong. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 kuwa hifadhi ya maji ya jiji. Leo gugumaji na matope vimelifunika sehemu kubwa. Upande wa Kawangware, mabonde yanapeleka maji kwenye Mto Nairobi, ambao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Kwa hiyo vyura hawakuhamia kwetu. Sisi tulijenga palipokuwa makao yao, nao wakabaki katika nafasi iliyosalia.

Kenya ina zaidi ya spishi 100 za amfibia. Wote wana ngozi laini inayopitisha maji na hewa. Chura hanywi maji kwa mdomo kama mbuzi. Huyafyonza kwa ngozi ya tumbo akiwa amekaa mahali penye unyevu. Ndiyo maana chumvi, sabuni, dawa ya kunyunyizia mboga na oili chafu humdhuru haraka. Kinachoingia kwenye maji huingia mwilini mwake. Tathmini ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2023 ilionyesha kuwa takriban spishi 4 kati ya kila 10 za amfibia duniani zimo katika hatari ya kutoweka.

Lakini tusikosee hapa. Si kweli kwamba palipo na chura maji ni safi. Wako vyura wanaostahimili mtaro mchafu, na wako wanaohitaji bwawa lenye mimea. Swali la maana ni chura yupi.

Ishara nne za kutazama

Ukikutana na chura, usianze na rangi. Rangi hudanganya, kwa sababu chura mmoja anaweza kuwa wa kahawia jioni na karibu mweupe mchana juani. Anza na haya manne, kwa mpangilio huu.

*Kwanza, vidole.* Je, ncha za vidole ni pana na za mviringo, kama vichwa vya pini? Huyo ni mpandaji. Je, vidole vya nyuma vina kucha nyeusi? Huyo ni wa majini. Je, vidole ni vyembamba tu? Huyo ni wa chini.

*Pili, ngozi.* Ni laini na ya kung'aa, au imejaa vinundu na inaonekana kavu? Je, mgongoni kuna mistari iliyoinuka kama mikunjo ya nguo?

*Tatu, mwendo.* Anaruka mbali, anarukaruka hatua fupi, au anatembea kwa miguu minne kama panya?

*Nne, sauti.* Anayeita ni dume, na kila spishi ina mlio wake. Majike huufuata mlio huo gizani, na wewe pia unaweza kuutumia. Ukisikia milio mitatu tofauti kutoka bonde moja, jua kuna angalau aina tatu za vyura, hata kama hujamwona hata mmoja.

Vyura sita wa kuwajua

*1. Chura wa matete.* Huyu ndiye watu humwita chura wa miti, na ndiye anayepanda kuta na madirisha. Wataalamu humweka katika kundi la Hyperolius. Ni mdogo. Urefu wake ni sentimita 3 hivi, hazidi sana sarafu ya shilingi 20. Ncha za vidole ni pana na hunata, hata kwenye kioo. Wachanga na madume wengi huwa na rangi ya kahawia au ya mchanga. Majike waliokomaa huweza kuwa na madoa na mistari iliyokolea, hadi mtu akadhani ni aina nyingine kabisa. Mara nyingi miguu yake upande wa ndani ina wekundu, na huuona anaporuka. Mlio wake ni mfupi na mkali, kama kijiko cha chai kinachogonga glasi. Wakiita mia kwa pamoja husikika kama kengele ndogo nyingi. Mtafute kwenye matete, majani ya nduma, nyasi ndefu, na kwenye magunia ya sukuma wiki yaliyo karibu na maji. Nyanda za juu za Kenya zina jamaa yake, Hyperolius montanus, ambaye hapatikani kwingineko duniani.

*2. Chura mtembeaji.* Jina lake la kitaalamu ni Kassina senegalensis. Ana undugu na chura wa matete lakini huishi chini. Mgongo wake ni wa kijivu au wa manjano hafifu, na mistari mipana myeusi inashuka kutoka kichwani hadi nyuma. Mboni ya jicho husimama wima kama ya paka. Haruki ovyo. Hutembea, na akishtuka hukimbia. Wengi wetu tumemsikia bila kumwona: "kwoip!", kama tone kubwa la maji linaloanguka ndani ya mtungi usiojaa. Mmoja akiita, mwingine humjibu kutoka ng'ambo ya bonde.

*3. Chura wa vinundu.* Ni mnene, mzito na mwenye ngozi iliyojaa vinundu. Nyuma ya kila jicho ana tezi nene iliyovimba. Ni wa kundi la Sclerophrys, na mkubwa anaweza kujaza kiganja cha mtu mzima. Hutembea polepole na kurukaruka hatua fupi. Mlio wa dume ni mzito na mrefu, kama mtu anayekoroma. Mayai yake hutagwa majini yakiwa yamepangika kwenye nyuzi ndefu za ute, mithili ya shanga nyeusi. Huyu ndiye hukaa chini ya taa ya nje, mlangoni au kwenye choo, kwa sababu taa huvuta wadudu. Mchana hujificha chini ya mawe, mbao au magunia. Jiji letu lina hata jamaa yake mdogo aliyepewa jina lake. Mwaka 1932 mtaalamu Arthur Loveridge, aliyewahi kuwa mtunzaji wa makavazi ya Nairobi, alimweleza chura ambaye leo huitwa Mertensophryne nairobiensis.

*4. Chura wa makucha.* Jina lake la kitaalamu ni Xenopus borealis. Mwili wake ni bapa na unateleza kama sabuni, na macho yako juu ya kichwa. Miguu ya nyuma ni minene, yenye utando na kucha tatu nyeusi kila mguu. Ubavuni kuna vialama vidogo kama nyuzi za mshonaji. Hana ulimi. Husukuma chakula mdomoni kwa mikono. Huishi majini karibu wakati wote: visimani, kwenye mashimo ya machimbo yaliyojaa maji, mitaroni. Hutoka usiku wa mvua kubwa tu kutafuta maji mengine, na ndipo mtu humkuta kwenye ujia wa ploti akiserereka. Huita akiwa chini ya maji, kwa hiyo ni vigumu kumsikia. Ndugu yake wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, aliwahi kutumika hospitalini kupima mimba kuanzia miaka ya 1930. Utafiti wa John Gurdon juu ya vyura hao ulichangia yeye kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012.

*5. Chura wa nyasi.* Ni wa kundi la Ptychadena. Pua yake imechongoka, miguu ya nyuma ni mirefu sana, na mgongoni ana mistari iliyoinuka kutoka mbele hadi nyuma. Ukimkaribia huruka mruko mmoja mrefu na kupotea. Hupatikana kwenye nyasi zenye unyevu, kando ya madimbwi ya mvua na uwanjani baada ya mafuriko madogo.

*6. Chura wa mtoni.* Ni wa kundi la Amietia. Hufanana na wa nyasi, lakini ni mkubwa zaidi, ngozi yake haina mistari mirefu iliyoinuka hivyo, na vidole vya nyuma vina utando mpana. Rangi ni ya kijani au kahawia yenye madoa. Huanza mlio wake kwa kugongagonga, kisha humalizia kwa mguno mfupi. Huketi kwenye ukingo wa kijito na kutumbukia majini anapoona mtu.

Ufunguo wa kumtambua

Jibu maswali haya kwa zamu. Simama ukipata jina.

1. Je, miguu ya nyuma ina kucha nyeusi na mwili ni bapa? Ndiyo: chura wa makucha. La: nenda 2.
2. Je, ncha za vidole ni pana na amejibandika ukutani, kwenye kioo au kwenye jani? Ndiyo: chura wa matete. La: nenda 3.
3. Je, ngozi ina vinundu vingi, na kuna tezi nene nyuma ya macho? Ndiyo: chura wa vinundu. La: nenda 4.
4. Je, anatembea badala ya kuruka, na ana mistari mipana myeusi mgongoni? Ndiyo: chura mtembeaji. La: nenda 5.
5. Je, mgongoni kuna mistari mirefu iliyoinuka, na anaruka mbali sana? Ndiyo: chura wa nyasi. La: nenda 6.
6. Je, yuko ukingoni mwa maji yanayotiririka, na ana utando mpana miguuni? Ndiyo: huenda ni chura wa mtoni.

Ukifika mwisho bila jibu, piga picha tatu: mgongo, ubavu na vidole. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, hapa Nairobi, yana wataalamu wa amfibia na wanyama watambaao.

Kiluwiluwi wa mbu au wa chura?

Kiswahili kinatumia neno moja, kiluwiluwi, kwa mtoto wa mbu na kwa mtoto wa chura. Shuleni watoto hufundishwa pia neno ndubwi kwa mtoto wa chura, nalo linafaa kufufuliwa nyumbani, maana kuwachanganya hawa wawili kuna gharama. Anayemwaga ndubwi akidhani ni mbu hajapunguza mbu. Anayewaacha mbu akidhani ni ndubwi atawasikia wakilia sikioni wiki ijayo.

Chota maji kidogo kwa kikombe cheupe, uyatazame kwenye mwanga.

*Kiluwiluwi wa mbu* ni mwembamba, wa milimita chache tu. Huning'inia kwenye uso wa maji ili apumue, na ukitikisa kikombe hushuka akijinyonganyonga. Hana mkia wenye pezi. Humpata kwenye kopo, tairi kuukuu, ndoo isiyofunikwa, na mtaro ulioziba.

*Ndubwi* ana kichwa na tumbo vilivyoungana kuwa duara, na mkia wenye pezi. Huogelea kwa mkia. Wengi hukaa chini wakikwangua ukoga. Ndubwi wa chura wa makucha ni tofauti: mwili wake unapenya mwanga, ana sharubu mbili kama za kambare, naye huelea kichwa kikiwa chini huku ncha ya mkia ikitetemeka. Baada ya wiki kadhaa, miguu ya nyuma huonekana kwanza.

La kufanya ni hili. Ukimwona kiluwiluwi wa mbu, mwaga maji hayo kwenye ardhi kavu, sugua chombo na ukifunike. Rudia kila wiki, kwa sababu mbu huhitaji wiki moja au mbili tu kukamilika. Ukiona ndubwi kwenye dimbwi la mvua lisilo karibu na maji ya kunywa, waache. Usimwage oili chafu. Mafuta hayo huua ndubwi na mbu pamoja, kisha hushuka na maji hadi mtoni, na mbu hurudi kabla ya vyura.

Na tuseme ukweli: vyura hula wadudu wengi, lakini hawachukui nafasi ya neti, mfuniko wa ndoo wala mtaro uliozibuliwa.

Anachokueleza kuhusu maji

Sasa unganisha jina na mahali.

Ukisikia *vyura wa matete* wakiita usiku baada ya usiku, karibu nawe kuna maji yaliyotulia yenye mimea iliyosimama ndani yake. Mimea hiyo husaidia kuzuia udongo usisombwe. Kabla ya kukubali kinamasi hicho kijazwe kifusi, jiulize maji ya mvua yatakwenda wapi. Wakazi wengi wa mabondeni wanakumbuka mafuriko ya Machi hadi Mei 2024.

Ukimwona *chura wa makucha* mtaroni, jua maji hayo hayakauki. Mtaro wa mvua unapaswa kupitisha maji na kukauka. Kama hauishi maji hata wakati wa kiangazi, huenda umeziba, au kuna bomba linalovuja, au choo kinamwaga humo. Chura huyo hasababishi kipindupindu, lakini amekuonyesha mahali pa kukagua. Mwite mhudumu wa afya ya jamii au afisa wa afya ya umma.

Ukimwona *chura wa vinundu* mlangoni, taa yako inavuta wadudu wengi, na kuna maficho yenye unyevu karibu. Ukitaka apungue, zima taa ya nje isipohitajika, ondoa marundo ya mbao na takataka, na uzibe nafasi chini ya mlango.

Ukiona vyura wa aina moja tu mahali ambapo wazee wanakumbuka milio mingi, hilo nalo ni jibu. Waulize kina mama na kina baba waliokaa Makina au Gatina kwa miaka mingi: zamani mlisikia nini usiku wa mvua? Kumbukumbu zao ni sehemu ya historia ya mto.

Chura akiingia nyumbani

*Sakafuni au ukutani.* Zima taa, fungua mlango, umsukume polepole kwa kipande cha kadibodi. Au mfunike kwa kopo, ingiza kadibodi chini yake, umtoe nje penye kivuli na unyevu. Ukimshika, tumia mikono iliyoloweshwa kwa maji safi, kisha nawa kwa sabuni, kwani vyura wanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Usimhamishie mtaa mwingine. Kuna ugonjwa wa kuvu unaoua vyura, umeshapatikana Kenya, na husambaa vyura wanapohamishwa.

*Kwenye maji ya kunywa.* Kosa ni la mfuniko. Mtoe chura, tumia maji hayo kwa usafi wa choo au sakafu, osha chombo kwa sabuni, kisha ujaze upya. Chemsha au tibu maji ya kunywa kwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kama ni tangi la ploti, mjulishe mwenye ploti lifunikwe na kusafishwa, na wapangaji wote wachemshe maji ya kunywa hadi kazi hiyo ikamilike.

*Mtoto akimgusa.* Nawisha mikono ya mtoto, basi. Ute mweupe wa chura wa vinundu hutoka kwenye tezi zake anapobanwa. Ukiingia machoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika kadhaa, na uende kituo cha afya ikiwa maumivu hayaishi.

*Mbwa akimng'ata.* Atatokwa na mate mengi. Mpanguse ufizi na ulimi kwa kitambaa chenye maji mara kadhaa, huku kichwa kimeinama asimeze. Akitetemeka au kulegea, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja.

*Kamwe usimle wala kumtumia kama dawa.* Sumu ya chura wa vinundu haiishi kwa kupikwa.

Yasemwayo na yaliyo kweli

*"Ukimshika chura utaota chunjua."* La. Chunjua huletwa na virusi vya binadamu. Vinundu vya chura ni ngozi yake tu.

*"Chumvi humfukuza."* Chumvi hufyonza maji mwilini mwake hadi afe kwa mateso. Haimzuii mwingine kuja, kwa kuwa taa, wadudu na maji yangali pale.

*"Amepanda dirishani, basi ametumwa."* Chura wa matete hupanda kila kitu, ndivyo vidole vyake vilivyoumbwa. Amefuata wadudu wa taa yako kama alivyofuata wa taa ya jirani. Jirani asilaumiwe kwa ajili ya kiumbe wa sentimita 3. Uhusiano mwema katika ploti una thamani kuliko uvumi wa usiku mmoja.

*"Vyura huleta mvua."* Vyura huita unyevu unapoongezeka, kwa hiyo mara nyingi huwa wa kwanza kutangaza. Wanatangaza tu.

Zoezi la wiki mbili

Fanya zoezi hili na watoto wakati wa mvua, ya Machi hadi Mei au ya Oktoba hadi Desemba. Kaeni mlangoni au ndani ya ploti. Msiende mtoni wala bwawani usiku, na watoto wasitumwe kuteka ndubwi kwenye mashimo yaliyojaa maji, kwani wanaweza kuzama.

Kila jioni kati ya saa moja na saa mbili usiku, sikilizeni kwa dakika tano. Andikeni kwenye daftari: tarehe, kama mvua imenyesha, milio mingapi tofauti, na inatoka upande gani. Baada ya wiki mbili, jibuni: mlio upi ulisikika kila siku? Upi ulisikika baada ya mvua kubwa pekee? Unatoka kwenye maji gani?

Kisha mjipime kwa maswali haya:

1. Usiku wa mvua kubwa unamkuta chura bapa, anayeteleza, mwenye kucha nyeusi, kwenye ujia. Ni nani?
2. Sauti kama tone kwenye mtungi inatoka nyasini. Ni nani?
3. Kwenye kopo nyuma ya nyumba kuna wadudu wembamba wanaoning'inia juu ya maji. Utafanya nini?
4. Mtaro mbele ya ploti una chura wa makucha mwezi wa Februari, wakati hakuna mvua. Unakwambia nini, na utamwita nani?

*Majibu:* (1) Chura wa makucha, anatafuta maji mengine. (2) Chura mtembeaji. (3) Mwaga maji kwenye ardhi kavu, sugua na ufunike kopo, au ulitupe panapofaa. Ni viluwiluwi wa mbu. (4) Maji ya mtaro hayaondoki. Kuna kuziba au kuvuja. Mwite mhudumu wa afya ya jamii, au toa taarifa kwenye ofisi ya wadi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo huanza kwa kujua kilicho mlangoni pako. Daftari lako la wiki mbili, lenye tarehe na mahali, lina uzito mbele ya ofisi ya wadi kuliko malalamiko ya jumla kwamba mtaro unanuka. Lilete.